Mbono ni Mti Gani? Uhakiki wa Istilahi za Mimea ya Dawa katika Bonde la Kilombero

Katika kazi ya kusanifu istilahi tumezoea kuanza na elimu iliyotoka ng'ambo, kisha kuitafutia maneno ya Kiswahili. Fizikia ilikuja, ikatafutiwa maneno. Kemia ikaja, nayo ikatafutiwa maneno. Makala haya yanahusu elimu ya namna nyingine. Elimu ya mimea ya dawa haikuja kwetu kutoka ng'ambo. Ilitoka kwetu ikaenda ng'ambo, ikaandikwa huko kwa lugha za huko, na leo sisi wenyewe tukitaka kuisoma hatuna budi kuipigia hodi kama wageni. Mfano ulio dhahiri ni ule wa Ifakara na bonde la Mto Kilombero, na ndio tutakaouhakiki hapa.

Shabaha yetu si kumfundisha msomaji kutibu. Kazi hiyo ina wenyewe. Shabaha yetu ni kuuliza swali la lugha: je, mtu akiandika leo kwa Kiswahili kitabu cha mwanzo cha kuitambua mimea ya dawa, kwa ajili ya wanafunzi wa famasia, waganga na walimu wa Ifakara, Mlimba au Mahenge, maneno tuliyo nayo yatamwezesha kusema jambo moja lisiloweza kueleweka kwa namna mbili? Katika somo la fasihi, neno lenye maana mbili huweza kuwa pambo. Katika somo hili, neno lenye maana mbili huweza kumwua mtu.

I. Kitabu kilichosafiri

Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha Ifakara maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Maabara hiyo ilikua, ikapita katika majina kadhaa, na tangu mwaka 2008 inajulikana kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Wengi huijua kwa utafiti wa malaria, mbu na vyandarua. Wachache hukumbuka kwamba katika miaka yake ya mwanzo kazi mojawapo iliyotokana na uhusiano huo wa Basel na Ifakara ilihusu miti na majani. Mtafiti F. Haerdi alikusanya mimea ya dawa ya Wilaya ya Ulanga, ambayo wakati huo ilijumuisha pia sehemu iliyokuja kuwa Wilaya ya Kilombero, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1964 yakiwa nyongeza ya 8 ya jarida la Acta Tropica la Basel. Jina la kazi hiyo, likitiwa katika Kiswahili, ni kama kusema: "Mimea ya Dawa ya Wenyeji wa Wilaya ya Ulanga, Tanganyika". Imeandikwa kwa Kijerumani.

Hatutaki kumvunjia heshima mtafiti huyo. Kazi yake ni kubwa, na sifa yake ya kwanza ni kwamba mmea haukutajwa kwa jina tu: vielelezo vilikusanywa, vikakaushwa, vikapewa nambari, hata wataalamu wa mimea wa Afrika ya Mashariki wakavitaja baadaye katika maandishi yao. Maana yake ni kwamba mtu akitilia shaka jina, anaweza kurejea mmea wenyewe. Hilo ni somo kwetu sote tunaoandika orodha za maneno tukiwa mezani.

Hata hivyo uhakiki hauna budi kusema upungufu. Elimu hiyo ilitolewa na watu waliosema Kipogoro, Kindamba, Kimbunga, Kibena na Kiswahili. Iliandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyetazamiwa kuisoma. Mjukuu wa mganga aliyeonyesha mti, akiwa leo mwanafunzi katika chuo cha afya mjini Ifakara, hawezi kukifungua kitabu hicho akajifunza alichokijua babu yake. Na kadiri miaka inavyopita, ndivyo wazee wanavyoondoka na majina yao, na ndivyo kitabu kile cha Kijerumani kinavyogeuka kuwa shahidi wa pekee. Lugha ya Taifa ina deni hapa.

Lakini deni hilo halilipwi kwa kukaa na kamusi ya Kijerumani na kutafsiri ukurasa baada ya ukurasa. Mfasiri atakwama mapema, na hatakwamishwa na Kijerumani. Atakwamishwa na Kiswahili chenyewe, kwa sababu tatu tutakazozieleza moja moja: majina ya mimea, maneno ya kuueleza mmea, na maneno ya kutengeneza dawa.

II. Jina moja, miti miwili

Tuanze na mbono, mti ambao umelipa makala haya jina lake. Katika kamusi za zamani za Kiswahili na Kiingereza, mbono ni mti ambao wengi wetu leo huuita mnyonyo au mbarika, na wataalamu huuita Ricinus communis. Mafuta yake, mafuta ya nyonyo, ni dawa ya kuharisha iliyojulikana tangu zamani duniani kote. Lakini kwa watu wengi wa leo mbono ni mti mwingine: ni ule uitwao pia mbono kaburi, unaopandwa kuwa ua, na ambao katika miaka ya 2000 ulihubiriwa sana nchini kuwa zao la mafuta ya mitambo. Huo ni Jatropha curcas.

Miti hii ni ya ukoo mmoja, na mbegu za yote miwili zina sumu. Tofauti iko katika mafuta. Sumu kuu ya mbegu za mnyonyo ni ya jamii ya protini. Haiyeyuki katika mafuta, tena huharibiwa na moto. Kwa hiyo mafuta yake yakitengenezwa ipasavyo hunyweka. Sumu kuu ya mbono kaburi huyeyuka katika mafuta yenyewe, na kwa hiyo mafuta hayo hubaki kuwa ya hatari. Sasa tuseme mfasiri amekuta katika andiko la zamani kwamba mgonjwa aliyefunga choo apewe kijiko cha mafuta ya mbono. Akiliacha neno kama lilivyo, msomaji wa leo atakwenda kwenye ua wa shamba lake. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mti. Mfasiri wa namna hiyo hakutafsiri vibaya kwa kipimo cha sarufi, na juu ya hayo ametia sumu kikombeni.

Mfano wa pili ni mwarobaini. Jina hili lasemekana latokana na imani kwamba mti huo hutibu maradhi arobaini. Mti wenyewe ni Azadirachta indica, mgeni aliyetoka Asia akazoea pwani na bara hata watu wakamwona mwenyeji. Lakini upo mti mwingine wa ukoo huo huo, Melia azedarach, ambao umepandwa sana kwa kivuli na pambo, na ambao mara nyingine huitwa mmelia, na mara nyingine huitwa mwarobaini vilevile. Matunda ya mti huu wa pili yana sumu. Anayejua jina tu hana kinga. Anayejua kutazama jani anayo.

Kinyume cha jambo hili ni mti mmoja wenye majina mengi. Mlonge na mzunze ni mti ule ule, Moringa oleifera. Mvungunya na mwegea ni mti ule ule, Kigelia africana, wenye matunda marefu yaning'iniayo kama mitungi ya kukamulia maziwa. Mtunguja, mtula na ndulele yote hutajwa kwa Solanum incanum. Hapa hatari si ya sumu bali ya kuhesabu: mwandishi asiyeangalia huandika dawa tatu mahali penye dawa moja, na ofisa wa serikali anayepanga orodha ya mimea ya kuhifadhiwa huhesabu mti mmoja mara tatu na mwingine hauhesabu kabisa.

Yako pia majina yatokanayo na kazi ya mmea badala ya umbo lake. Mwingajini, yaani Senna occidentalis, ni mmea uingao majini. Jina hilo latueleza imani ya watu, na kwa mwanahistoria wa lugha ni hazina. Lakini halimsaidii mtu aliyesimama kando ya njia kuutofautisha mmea huo na jirani zake. Zaidi ya hayo, majina ya namna hii huhama kwa wepesi, maana mmea wowote utakaosadikiwa kufanya kazi hiyo mahali pengine waweza kupewa jina hilo.

Kamusi zetu za lugha moja zina sehemu ya lawama. Mara nyingi mno mtu akitafuta jina la mti huambiwa kwamba ni "aina ya mti". Hilo alilijua kabla ya kuifungua kamusi. Kamusi za lugha mbili za zamani, pamoja na orodha ya majina ya mimea ya P. J. Greenway wa Amani, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940, zilijitahidi kutoa jina la Kilatini. Lakini ufafanuzi wake ni wa Kiingereza, na kwa hiyo Kiswahili humo ni mlango wa kuingilia tu, si nyumba ya kukaa.

III. Je, Kilatini hakitoshi?

Wako watakaotujibu kwamba tunajisumbua bure. Watasema: andikeni jina la Kilatini, mmalize kazi. Hoja hii ina nguvu, na sisi hatuikatai kwa jumla. Bila jina la Kilatini maandishi yetu hayawezi kulinganishwa na maandishi ya wengine. Katika makala haya yenyewe tumelitumia kila tulipotaka kuwa na hakika.

Hata hivyo tuna majibu mawili. Kwanza, jina la Kilatini nalo hubadilika. Mvule, ambao zamani uliandikwa Chlorophora excelsa, sasa ni Milicia excelsa. Mwingajini ulikuwa Cassia, sasa ni Senna. Miti mingi ya miiba tuliyozoea kuiona ikiandikwa Acacia imegawanywa, mingine ikawa Vachellia na mingine Senegalia. Anayekisoma leo kitabu cha mwaka 1964 hana budi kukagua kila jina upya. Mvule, kwa upande wake, umebaki kuwa mvule, na fundi seremala wa Ifakara hakuhitaji kuarifiwa mabadiliko yoyote.

Pili, jina la Kilatini ni anwani, si maelezo. Humwambia msomaji mmea ulipo katika orodha ya dunia, halimwambii unafananaje. Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika ya Mashariki ya kitropiki, kilichoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, kinaeleza spishi zaidi ya 12,000. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini maelezo yake yote ni ya Kiingereza, na cha kitaalamu. Mwalimu wa sayansi wa shule ya kata hawezi kukipeleka porini pamoja na wanafunzi wake.

Mambo ya mwaka 2011 yalitufundisha hayo. Wananchi kwa maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, nchi nzima ilitaka kujua mti uliotumika ni upi. Ukatajwa kwa jina la mugariga. Wataalamu wakasema ni Carissa spinarum, ambao vitabu vya nyuma viliuita Carissa edulis. Majina matatu yakazunguka magazetini; maelezo ya Kiswahili ya jani, mwiba, ua na tunda la mti huo hayakuzunguka. Kwa hiyo mtu wa Kilombero aliyesikia habari hizo hakuwa na njia ya kujua kama mti huo uko nyuma ya nyumba yake au haupo.

IV. Maneno ya kuueleza mmea

Hapa tunafikia kiini cha elimu ya kuitambua mimea, nacho ni maelezo. Istilahi za shuleni zimefuata sana njia ya kutohoa: petali, sepali, stameni, ovari. Hatuna ugomvi na kutohoa kunapokuwa lazima. Sehemu za ndani za ua ni vitu ambavyo mkulima hana sababu ya kuvipa kila kimoja jina, na kuvilazimishia majina ya zamani ya kitu kingine ni kuzidisha mkanganyiko. Neno chavua, kwa upande mwingine, limethibitisha kwamba istilahi yenye sura ya Kiswahili hukubalika upesi na kuzaa watoto: leo twasema kuchavua, kuchavusha na uchavushaji bila kujikwaa.

Lawama yetu ni kwa wale wanaotohoa hata pale ambapo neno lipo. Kwa nini mwanafunzi aambiwe raizomu ilhali mama yake sokoni humwuzia tunguu la tangawizi? Kwa nini aambiwe lateksi ilhali tuna utomvu? Tuna kikonyo kwa kishikizo cha jani au tunda, tuna uti wa jani, tuna tumba la ua lisilofunguka, tuna kokwa, ganda na gome. Kanuni tunayoijua sote yasema tuanze na Kiswahili na lahaja zake, twende kwenye lugha nyingine za Kibantu, kisha ndipo tuende mbali. Kanuni hiyo husomwa katika semina na kusahauliwa katika uandishi.

Lakini kuwa na neno hakutoshi. Sharti neno lichungwe. Utomvu ni mfano mzuri. Katika matumizi ya kila siku hutajwa kwa maji meupe ya mnyaa, kwa maji mazito yanatayo, na hata kwa umajimaji mwekundu unaotoka mninga ukikatwa. Mtambuzi wa mimea anahitaji kuvitenga vitu hivyo, maana rangi ya utomvu ni mojawapo ya alama za kwanza anazozitafuta. Hahitaji maneno mapya matatu. Anahitaji desturi ya kusema kila mara: utomvu mweupe, utomvu mwekundu, utomvu wa maji, na kuliweka neno ulimbo kwa ule unaonata na kuganda.

Vivyo hivyo gome, ganda na gamba. Katika tafsiri tulizowahi kuzipitia maneno haya hubadilishana nafasi kana kwamba ni ndugu pacha. Gome ni la mti, ganda ni la tunda au mbegu, gamba ni kipande kigumu mfano wa gamba la samaki. Tena yafaa kusema gome la shina au gome la mzizi, maana kilichomo katika moja si lazima kiwemo katika jingine, na dawa ya mmoja yaweza kuwa hatari ya mwenzake.

Liko pia tatizo la vijani. Jani la mwarobaini limegawanyika sehemu nyingi ndogo, na kila sehemu mtu asiyejua huidhani jani zima. Wengine wamependekeza kuita jani hilo jani changamano. Neno hilo si kosa, ila halionyeshi kitu. Sisi twapendelea kusema jani la vijani. Tutapingwa kwamba kijani ni rangi. Ni kweli, lakini rangi haihesabiwi. Anayesema vijani saba, au kijani kimoja cha ncha, hawezi kudhaniwa anataja rangi. Ngeli zetu zenyewe zinatulinda, mradi tuzitumie.

Ili tusionekane kuwa wakosoaji wasiofanya kazi, tutatoa mfano wa maelezo kwa maneno tuliyoyatetea:

Mwarobaini. Mti wa kimo cha kati au mrefu. Jani ni la vijani. Lina uti mmoja tu, na vijani vimejipanga pande zote mbili za uti huo. Kingo za kijani zina meno kama ya msumeno, na kila kijani kimepinda kidogo mfano wa mundu, upande mmoja ukiwa mpana kuliko wa pili. Maua ni madogo, meupe, yenye harufu nzuri. Tunda lina umbo la yai dogo, huwa la manjano likiiva, na lina kokwa ndani.

Mmelia. Mti wa kivuli. Jani ni la vijani, lakini uti mkuu hutoa nyuti ndogo, na vijani hukaa juu ya nyuti hizo ndogo. Maua yana rangi ya zambarau hafifu. Tunda ni la mviringo, la manjano, na hubaki mtini hata baada ya majani kupukutika. Matunda yana sumu.

Msomaji atazame: hakuna neno hata moja la kutohoa, na miti miwili imetengana. Mtoto wa darasa la sita aweza kwenda na karatasi hii nje ya darasa akarudi na jibu sahihi. Vivyo hivyo kwa mbono: mnyonyo una jani lililopasuka kama vidole, lenye kingo za meno, na kikonyo chake hushika ndani ya bapa la jani wala si ukingoni, na tunda lake aghalabu lina miiba laini, mbono kaburi una jani lenye pembe chache zisizopasuka sana, kingo zisizo na meno, na tunda laini lisilo miiba. Mistari miwili yatosha kuokoa maisha.

V. Maneno ya kutengeneza dawa

Mmea ukishatambuliwa, bado haujawa dawa. Sharti uvunwe, ukaushwe, upondwe, uchemshwe au uloweshwe, upimwe, kisha upewe mgonjwa. Katika hatua hizi Kiswahili ni tajiri kuliko tunavyokitendea. Tunayo kuponda, kutwanga, kusaga na kusugua, na kila kimoja ni kazi tofauti. Tunayo kubandika na kupaka, kusukutua na kusafisha, kuchanja na kufukiza.

Neno hili la mwisho latufaa kwa uhakiki. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, kujifukiza kulienea nchini kote, na watu wakasema kupiga nyungu, kwa jina la chungu kinachotumika. Kufukiza kwa asili hutajwa kwa moshi, kama ule wa ubani na udi. Nyungu ni ya mvuke wa majani yaliyochemshwa. Kwa mgonjwa wa mapafu tofauti ya moshi na mvuke si ndogo hata kidogo. Twapendekeza mwandishi wa mambo ya tiba aseme kufukiza kwa moshi na kufukiza kwa mvuke, asiliache neno likielea.

Neno jingine lililoachwa kuelea ni chai. Katika vijikaratasi vinavyouzwa pamoja na dawa, kila maji yaliyopita katika jani huitwa chai. Lakini ziko njia tatu, na wataalamu wa dawa huzitenga kwa sababu kila njia hutoa vitu tofauti katika mmea. Jani laini hutiwa maji ya moto, likafunikwa na kuachwa. Gome na mzizi mgumu huchemshwa motoni kwa muda. Vingine hulowekwa katika maji baridi usiku kucha, kwa kuwa moto ungeviharibu. Twapendekeza mloweko wa moto, mchemsho, na mloweko wa baridi. Maneno haya si uvumbuzi mkubwa. Yanatokana na vitenzi vya jikoni, na mtu yeyote atayaelewa mara ya kwanza.

Kuhusu vipimo, wazee walikuwa na ukufi, yaani kiasi kikaacho juu ya kiganja kilicho wazi, na konzi, yaani kiasi kishikwacho kwa vidole vilivyofumbwa. Walikuwa na kibaba na pishi. Maneno haya yasitupwe, maana ndiyo aliyoyatumia mganga aliyehojiwa. Mfasiri akiyabadilisha kuwa gramu bila kupima, ameandika uongo wenye sura ya sayansi. Aandike neno la mganga kwanza. Gramu zifuate baada ya mizani.

VI. Dawa, mganga na miti shamba

Hatuwezi kumaliza bila kutaja maneno makubwa yanayoizunguka elimu hii. Dawa kwa Kiswahili ni ya kutibu, ni ya kuua wadudu shambani, ni ya kung'arisha viatu, ni ya kinga na uchawi. Watu wa nyanda hizi za Kilombero na Mahenge hawawezi kusahau kwamba mwaka 1905 watu walikwenda vitani wakitumainia dawa iliyokuwa maji. Neno lenye historia nzito namna hiyo haliwezi kufungiwa katika maana moja kwa amri ya baraza. Linachowezekana ni kulipa sahibu: dawa ya kunywa, dawa ya kupaka, dawa ya mimea, dawa ya wadudu.

Mganga ni neno la heshima, na linaonyesha hekima ya lugha kupita hekima ya ofisi. Mkuu wa matibabu nchini huitwa Mganga Mkuu wa Serikali, na mzee wa kijijini mwenye mkoba wa mizizi naye ni mganga. Lugha haikuwatenga, kilichowatenga ni kile kivumishi cha "kienyeji", ambacho kwa miaka mingi kilitamkwa kwa midomo iliyobinuliwa. Sheria ya mwaka 2002 ilichagua kusema tiba asili na tiba mbadala, na sisi twaona uchaguzi huo ulikuwa mwema. Waandishi waufuate, waache kurukaruka baina ya asili, asilia, jadi na kienyeji katika ukurasa mmoja.

Miti shamba nalo ni neno la kutazamwa. Mingi ya mimea hiyo si miti, na mingi haikui shambani. Hata hivyo limekwisha kukita mizizi katika usemi wa watu, na kuling'oa ni kazi isiyo na faida. Libaki katika usemi wa kawaida. Katika kitabu cha mafunzo yafaa kusema mimea ya dawa, neno ambalo linaubeba mti, kichaka, mtambazi na nyasi bila kuonea hata mmoja.

VII. Mapendekezo

Kwa muhtasari, twaona mambo manne yafaayo kufanywa. La kwanza, kila jina la mmea katika maandishi ya Kiswahili ya tiba liandikwe pamoja na jina la Kilatini la sasa na maelezo mafupi ya umbo kwa Kiswahili. Kimoja peke yake kisikubaliwe. La pili, pale ambapo jina la Kiswahili ni la miti miwili, lisanifiwe: twapendekeza mnyonyo kwa Ricinus, na mbono kaburi kwa Jatropha, na neno mbono likiwa peke yake liepukwe katika maandishi ya tiba. La tatu, kazi ya mwaka 1964 kuhusu mimea ya Ulanga itafsiriwe, lakini itafsiriwe Ifakara, si mezani mjini. Na wanaojua Kipogoro, Kindamba, Kimbunga na Kibena wakae na mfasiri na mtaalamu wa mimea mbele ya mmea wenyewe. La nne, majina ya lugha hizo yachapishwe bila kugeuzwa Kiswahili kwa nguvu. Ni ushahidi, na ni mali ya waliolitoa. Tena huenda jina ambalo Kiswahili kimelikosa linangoja huko.

Tunajua yapo yatakayopingwa katika mapendekezo haya, hasa juu ya vijani na mloweko. Na yapingwe, mradi anayepinga alete neno lililo bora, na jani mkononi. Walimu wa Kilombero, Ulanga, Mlimba na Malinyi twawaomba mahsusi: waulizeni wazee majina, kausheni jani na ua kati ya karatasi, andikeni mahali na siku, kisha mtuletee. Jina lililofika bila mmea wake tutalipokea kwa shukrani, lakini hatutaweza kulisanifu.